Kijiwe Chenye Jina Langu

Niliposikia hatua za mume wangu, nilisukuma begi nyuma ya mlango wa jikoni, nikauacha wazi ili ulifiche. Angechelewa dakika tano tu, ningekuwa nimeshaondoka.

Yeye ni mtu wa darubini. Miaka tisa amekifuatilia kijiwe kimoja kinacholizunguka jua baina ya Mirihi na Mshtarii, na kwa wanaastronomia, aliyekivumbua ndiye anayependekeza jina.

“Wamekubali!” alisema, akiifunua barua mbele yangu. “Kina jina lako, mke wangu.”

Niliisoma. Chini ya jina langu waliandika: mwamba mtupu, upana kilomita nne.

“Na ukija kujuta?”

“Jina halifutwi. Hata tukifa.”

“Na chenyewe hakiwezi kuchomoka, kikaenda zake?”

Alicheka hadi akafuta machozi. “Kiende wapi, na jua limekishika?”

Upepo ukataka kumpokonya ile barua. Akausukuma mlango, ukajifunga, na begi likabaki limesimama peupe kati yetu, limejaa hadi zipu inaachia.

Alilitazama. Kicheko kikamkauka.

“Nguo za kufua,” nilisema, nikapiga magoti na kuanza kuzitoa mojamoja.