Mwenzangu Chuma

Chuma alilitibu joka la adui kwa mara ya tatu.

Nilikuwa kwenye cherehani, simu nimeiegemeza kwenye kopo la vifungo. Karata hizi za mtandaoni mnacheza wawili wawili, na mchezo wenyewe ndio unaokupangia mtu aliye karibu nawe. Mimi tangu juzi nimepangiwa huyu Chuma, nisiyemjua mbele wala nyuma. Karata moja ya moto ingetumalizia kazi. Yeye akalipatia joka dawa, likaamka, likatumeza sote.

Niliacha kukanyaga cherehani, nikaishika simu nikamwandikia: "Unacheza kwa miguu? Kama huna mikono, kaazime."

Nikatuma.

Cherehani ilikuwa kimya, ndiyo maana nilisikia. Nyuma ya pazia, chumbani kwa baba, simu ililia mlio uleule wa mchezo.

Nikafunua pazia. Baba alikuwa amelala chali kama nilivyomwacha asubuhi, mkono wake wa kulia, uliopooza tangu apigwe na kiharusi, umelala pembeni. Simu niliyompa aangalie mpira ilikuwa kifuani. Kidole gumba cha kushoto kilitetemeka juu ya kioo, kikilenga herufi moja, kikiangukia ya jirani.

"Unafanya nini, baba?"

"Nimemharibia mwenzangu mchezo, mama. Amekasirika, na ana haki. Namwomba radhi."

Akabonyeza.

Mlio ukaitika mkononi mwangu. Baba akainua macho.