Kucha za Ukurasa wa Nne

Mke wa mpiga gitaa alikwama kwenye ukurasa wa nne wa kijitabu cha albamu, aliokuwa akiugeuza kuwa picha kwenye kompyuta. Chiriku, mwimbaji wa bendi, alikuwa ameliegemea bega la mume wa watu kana kwamba ni mto wa kitandani kwake, na kucha zake nyekundu zimetua shatini. Shati alilolipiga pasi yeye mwenyewe!

“Vipi, mama watoto?” mumewe aliuliza kutoka jikoni. “Mashabiki wanasubiri. Simu zao hazifungui lile faili la kijitabu, ndiyo maana nataka kila ukurasa uwe picha.”

“Si nageuza!” alijibu, roho ikimchoma.

Akaikuza picha ya Chiriku. Kucha zikazidi wekundu. Basi akaushusha ubora wa picha hadi chini kabisa, akabonyeza. Chiriku akatoka ukungu mtupu, pua haijulikani wala macho.

“Jione sasa,” akanong’ona, akacheka peke yake.

Kwa raha ile hakukumbuka kuupandisha ubora tena. Kurasa zilizobaki akazigeuza kwa mkupuo bila kuzitazama, akazirusha zote kwenye kundi la mashabiki.

Punde mumewe akatoka jikoni na simu mkononi, amenywea.

“Ukurasa wa mwisho sikukutajia makusudi, nikitaka uukute mwenyewe. Ni picha yako, na chini yake shukrani zangu kwako. Sasa hayasomeki hata maneno, na watu wanauliza.”

“Wanauliza nini?”

“Kama huyo naye ni Chiriku.”