Anakijua Kihaya Vizuri

Yasmin alirudia kusoma barua ambayo mshauri wake wa masomo alishaituma Ujerumani, kumwombea nafasi ya kusoma historia huko mwaka mmoja: "Anakijua Kihaya vizuri. Nyaraka za zamani za Kihaya mlizonazo hazitamshinda."

"Mwalimu, mimi Kihaya sikijui. Nyumbani tunasema Kiswahili tu."

"Si umezaliwa Bukoba, kwa Wahaya?"

"Hapahapa. Hata babu yangu."

"Sasa?"

Yasmin akajipima. Sokoni huwaamkia wauza ndizi kwa Kihaya. Wakiendelea, yeye hupotelea njiani. Huko nako ni kujua?

Simu ya usaili ikaita. Profesa Mjerumani akatokea kwenye skrini, akamwamkia kwa Kihaya, kisha akamuuliza jambo refu.

Yasmin aliambulia salamu tu.

"Mjibu!" mshauri alinong'ona.

"Shikamoo, Profesa," Yasmin alisema kwa Kiswahili. "Barua uliyotumiwa ina kosa."