Mpini Ulishuka

Fundi mpya alikuwa ameshapanda nguzo ya kiwanda, anangoja umeme uzimwe, mjane wa Tindwa alipoingia chumba cha swichi.

"Shemeji Mbaruku, nionyeshe ulivyozima siku ile aliyokufa Tindwa."

Mbaruku akauvuta mpini mpaka chini. Kazini kwao anayezima hupaza sauti, "Hakuna umeme!" na aliye juu hagusi waya kabla hajaisikia. Siku ile alivuta, akaita, Tindwa akashika waya.

"Basi ule umeme ulitoka wapi?"

Mbaruku akamtolea vipande viwili vya shaba vilivyokuwa ndani ya swichi siku ile. Kazi ya hivi ni kugusana na kuachana, alimweleza, ila umeme ulizidi, vikayeyuka, vikagandana. Mpini ulishuka peke yake, shaba hazikuachana.

"Hukufungua kifuniko ukaangalia?"

"Hakuna aliyekuwa anaangalia, shemeji. Tuliuamini mpini."

Mjane hakulia. Alijaribu kuvibandua kwa kucha, halafu kwa meno, taratibu, kama anayefungua fundo la kanga. Havikubanduka.

"Mzee Mbaruku!" fundi alipiga kelele kutoka juu. "Vipi, umelala? Jua linaniunguza huku!"

Mbaruku akafungua kifuniko, akachungulia. Shaba mpya zilikuwa zimeachana, hata mwanga wa dirisha ulipita katikati yake. Akachungulia tena. Akafumbua kinywa, sauti isitoke.

Mjane alisimama na vile vipande mkononi, anamtazama mdomo.