Mama Ryan

"Kiatu kiko wapi?"

Ryan aliutazama mguu wake mtupu, kisha akamtazama Seline kana kwamba yeye ndiye aliyekificha.

"Kimeenda."

"Kimeenda wapi?"

"Kwa maji."

Kweli, kilikuwa kinaelea kwenye mtaro nyuma yao, kiatu chekundu cha mtumba. Seline aliinama kwa shida, akakiopoa kwa kijiti. Hata mtaa wa Kambi Muru walikuwa hawajatoka. Tangu alfajiri mtoto huyu alikuwa amemwaga uji, akapanda juu ya ndoo ili aone kama paka wa jirani ana meno, akavuliwa shati moja na kuvishwa lingine. Magoti ya Seline yalikuwa yakiuma. Na leo haikuwa siku ya kuchelewa. Jana alikuwa ametoa ahadi kwa simu: atamfikisha Kawangware kabla ya saa sita, akiwa mzima na msafi. Uzima alikuwa nao. Usafi ndio uliokuwa unamponyoka.

Nicanor, fundi wa viatu, aliwaona wakipita.

"Mama Ryan! Leo kijana ameogelea?"

"Kiatu ndicho kimeogelea."

Nicanor alikichukua bila kuombwa, akakikausha kwa kitambaa chake. Alipomvisha mtoto akaona kinapwaya, akakata kipande cha sponji na kukisukuma mbele kwenye vidole.

"Kwani ulinunua bila kumpima?"

"Nilikisia tu." Seline alitia mkono mkobani, lakini Nicanor akatikisa kichwa.

"Wacha. Huyu ni beshte yangu. Si ndio, Ryan? Gota!"

Ryan aligota ngumi, kisha akabeba nyundo. Maneno matamu hayakusaidia kumfanya airudishe. Ilibidi peremende.

Walipokaribia mtaa wa Ayany, Seline alimshika mkono imara, akaanza tena somo lao la kila siku.

"Mama yako anaitwa nani?"

"Mama Ryan!"

"Hilo si jina, baba. Kina Mama Ryan wamejaa Nairobi hii. Ukisema hivyo mtu atakupeleka kwa nani? Jina lake hasa ni nani?"

Ryan alifikiri sana, mpaka akasimama. "Mama . . . Ryan."

"Haya. Na nyumba yenu iko wapi?"

"Pale!" Alikuwa anaonyesha ndege.

Seline alicheka kidogo, ingawa alikuwa amechoka. Hata Seline mwenyewe, mtoto alimwita hivyo hivyo, kama alivyosikia majirani wakimwita. Mama Ryan, mbona ng'ombe hana viatu? Mama Ryan, nani amemwaga jua? Mama Ryan, nibebe.

Alimbeba. Wakavuka barabara ya Ngong, mtoto akimpigia ngoma kichwani, na upande wa pili Seline akamshusha ili avute pumzi. Alitazama walikotoka. Kurudi kungekuwa rahisi. Angepiga simu tu aseme mtoto ameamka na homa, na nani angembishia? Alitoa simu, akaishika mpaka jasho la kiganja likalowesha kioo. Kisha akairudisha mkobani.

"Twende, baba. Tunangojwa."

Kufika Kawangware, mkokoteni wa mitungi ya maji uliwapita. Ryan alichomoka. Alikuwa anataka kusukuma. Seline alisikia kishindo kabla ya kuona: mtoto chini, kifudifudi, matope kuanzia nywele hadi kiatu.

Mwenye kibanda cha mboga, mwanamke aliyejitambulisha baadaye kuwa Kathini, alikuwa tayari ameinuka na jagi la maji. Maji yenyewe alikuwa ameyanunua ya kuoshea sukuma. Alimwosha Ryan uso, akamwosha magoti, akamfuta kwa leso yake mwenyewe iliyokuwa kiunoni, na kumpa kipande cha karoti kabla kilio hakijapata nguvu.

"Huyu ni moto!" alisema. "Wangu pia alikuwa hivi. Mnaenda wapi mmependeza?"

"Hapo steji ya 46. Kuna mtu anamngoja."

"Basi lazima ang'ae." Aliinua macho, akaona machozi ya Seline. "Ai, mathe. Usilie. Ni matope tu, yanatoka."

"Ni uchovu," alisema Seline.

Kathini alimsogezea kiti, naye Seline akakaa mpaka miguu ikakubali kusimama tena.

Ploti ya nyumba za kupanga waliyokuwa wakiitafuta ilikuwa na geti la mabati la bluu, kama alivyoelekezwa. Ndani, kamba za nguo zilikuwa zimevuka uwanja huku na huku. Mwanamke mwembamba alikuwa anaanika shuka, mgongo wake ukiwaelekea.

Ryan akavuta mkono. Safari nzima Seline alikuwa ameubana mkono ule mpaka vidole vikamfa ganzi. Sasa aliuachilia, na mtoto alipokimbia, hakumkimbilia.

"Mama!" Ryan alipiga kelele. "Mama! Mama!"

Shuka ilianguka matopeni. Mwanamke alipiga magoti juu yake, akamkumbatia mtoto, akamnusa nywele, akamshika masikio, akamnusa tena. Majirani walitoka milangoni mmoja mmoja. Muda ulipita kabla hajaweza kusimama. Alimweka Ryan kiunoni, akamsogelea Seline, uso umelowa.

"Mama yangu," alisema, "jana kwa simu sikuuliza jina, sijui hata nikuite nani."

"Mimi pia ni Mama Ryan," alisema Seline. "Ryan wangu ameshaoa. Huyu alipopotea, aliwatajia watu jina hilo tu, wakamleta kwangu."