Kishikio cha Mpera

Fundi Lwambano alikaza nati ya mwisho ya injini mpya kwenye mashine ya kupasulia kuni, akaisukuma ile ya zamani pembeni kwa mguu. Ilikuwa imechoka, haiwaki hata kwa kubembelezwa.

"Hii haina usumbufu, mama. Unavuta kamba mara moja tu inawaka."

Bi Sekunda, mwenye mashine, alikuwa ameiinamia injini kuukuu, akifungua fundo la kamba yake ya kuwashia. Kwenye ncha ya kamba kulikuwa na kishikio cha mti wa mpera alichokichonga marehemu mumewe, kimelika na kuacha vishimo pale vidole vya mume huyo viliposhika miaka yote.

"Nifungie hiki."

"Mpya imekuja na chake, cha plastiki."

"Nifungie, mwanangu."

Fundi akakata cha plastiki, akafunga cha mpera. Bi Sekunda akaingiza vidole kwenye vile vishimo. Vidole vyake vilipwaya humo. Akavuta, injini ikanguruma kwa sauti ngeni.

"Achia sasa, mama. Inajirudisha yenyewe."

Kamba ilikuwa inauvuta mkono wake kurudi kwenye mashine. Bi Sekunda hakuachia. Aliifuata, kana kwamba ni mkono wa mumewe unaomvuta.