Maji Peke Yake

Nikuulize wewe: ukimpima punda na mzigo wake mgongoni, utasema punda ana kilo ngapi?

Swali hilo dada mtu alimtupia mdogo wake alasiri moja, jikoni, mizani ikiwa katikati ya meza.

“Punda katokea wapi tena, dada?”

“Katokea kwenye daftari lako. Umepima chumvi na maji pamoja.”

Sufuriani mlikuwa na maji kilo moja kamili, na chumvi gramu mia moja na kumi na saba. Gramu hamsini na nane na nusu za chumvi huitwa moli moja, kwa hiyo humo mlikuwa na moli mbili. Mdogo mtu alipima mchanganyiko wote, akagawanya moli zake kwa uzito huo, akapata moja nukta saba tisa. Akaipigia mstari kwa madaha.

“Futa. Ukitafuta molaliti, unagawanya moli kwa kilo za maji peke yake, kabla chumvi haijaingia. Mbili kwa moja?”

“Mbili.”

“Haya! Kumbe kichwa kizima, kina pupa tu.”

“Kesho nikikosea tena, dada, shule ndiyo basi. Wameshanipa onyo.”

“Basi mwaga. Anza upya.”

Alianza upya mara sita. Jasho likamtiririka, akavua miwani akaifuta kwa pindo la shati. Dada hakuwa na haraka naye. Mwenyewe alikuwa ameyaokota hayo mlangoni pa darasa, akiosha vyombo vya maabara, leo neno hili, kesho lile.

Kesho yake saa mbili asubuhi, darasa zima likasimama.

“Shikamoo, mwalimu!”

“Marahaba, kaeni,” akajibu mdogo mtu, akashika chaki. Mkaguzi alikuwa ameketi nyuma kabisa, kalamu mkononi.

Dada alikuwa akideki nje ya mlango. Akamsikia: “Maji peke yake, wanangu, kabla chumvi haijaingia.” Hakukwama hata mara moja. Kipindi kilipokwisha, mkaguzi akampa mkono. “Hongera, mwalimu. Wewe utastaafia hapa hapa.”

Mkaguzi alipoondoka, mwalimu akamfuata dada yake kwenye ndoo. Kwanza alitazama huku na huku asije akaonekana.

“Umeniokoa, dada,” akanong’ona. “Sema chochote unachotaka.”

Dada akalikamua tambara, taratibu, mpaka likaacha kudondosha.

“Nilitaka kwenda sekondari,” akasema. “Ile barua ya kuitwa shule aliyokupa baba uende nayo ilikuwa na jina langu.”